Ulimpa Nini?

Simbilisi mdogo alipokufa, siku ya nne baada ya kufika kwetu, mtoto wa nyumba yetu hakulia. Alichuchumaa kando ya katoni, akamgusa tumbo kwa kidole kimoja, halafu akaniuliza swali ambalo hadi leo sijamaliza kulijibu.

"Anti, ulimpa nini?"

Si "kwa nini amekufa". Si "sasa tutafanya nini". Ulimpa nini. Ni swali la mfugaji. Huko kwao, upande wa Sericho, mnyama akianguka hakuna anayeanza kuuliza kama alikuwa anapendwa. Watu wanauliza alikula wapi, alikunywa maji gani, alilishwa na nani.

Wacha nianze mwanzo.

Kenya hatuna jina letu la mnyama huyu. Tunasema tu guinea pig na maisha yanaendelea. Majirani zetu Tanzania wanamwita simbilisi, na nimeamua kuazima jina lao kwa sababu lile la Kiingereza liliniletea shida mlangoni. Mathe aliposikia neno la mwisho alisimama na leso mkononi. "Pig? Hapa? Kwangu?" Ilibidi nimwonyeshe. Wanyama wawili, kila mmoja anajaa kiganja, masikio kama majani ya mchicha, hawana mkia, wanatetemeka. Akawaangalia kwa muda mrefu. "Haya ni mapanya," akasema, "tena hayana mkia." Lakini akaondoka mlangoni nikaingia.

Niliwachukua kwa mtu niliyefanya naye kazi, aliyekuwa anahama. Aliniambia wana wiki mbili, nikasema sawa, kama vile wiki mbili ni umri wa kitu. Nilikuwa na sababu yangu. Mwaka huo, 2022, tulikuwa tumempokea mtoto wa miaka tisa, mjukuu wa dada yake mama. Unakumbuka hali ilivyokuwa: misimu mitano ya mvua mfululizo ilikataa, na nchini mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa. Kwao walibaki na mbuzi wa kuhesabu kwa vidole. Baba yake alifuata wachache waliobaki, mama yake akabaki na wadogo, na yeye akaletwa kwetu Isiolo mjini, aingie shule, ale.

Alikula, lakini hakuongea. Tulimzunguka kama wageni wa arusi. Mathe anamsukumia sahani, mimi namuuliza kuhusu shule, jirani anaingia kumshika mashavu. Yeye anaangalia sakafu. Usiku nikitandika kitanda chake napata chapati chini ya mto, imekauka kama kibao. Naitoa. Kesho yake kuna nyingine.

Kwa hivyo nikawaza: mtoto aliyepoteza wanyama, mpe wanyama. Hesabu ya haraka hivyo. Na hivyo ndivyo simbilisi wawili walivyoingia nyumbani kutufanyia kazi ambayo sisi tulishindwa nayo.

*

Nitakwambia nilimpa nini, kwa sababu niliulizwa.

Nilimpa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, yenye sukari kidogo. Nilimpa mkate uliolowa. Nilimpa ugali laini. Kila baada ya saa moja nilimtoa kwenye katoni, nikamweka kifuani, nikambembeleza, nikampiga picha. Alipojikunja nikasema, ona, ametulia. Hakuwa ametulia. Mnyama huyu akiogopa sana huganda kama jiwe.

Baadaye, nimechelewa tayari, nilisoma. Mtoto wa simbilisi si kama mtoto wa paka. Anazaliwa macho wazi, manyoya mwilini, meno mdomoni, na siku ya kwanza au ya pili anaanza kutafuna nyasi. Lakini bado anahitaji kunyonya kwa mama yake wiki tatu hivi, na huyu alitolewa mapema. Tumbo lake limeumbwa kwa ajili ya nyasi, nyasi kavu, mchana na usiku, bila kukoma. Meno yake hayaachi kukua, na ni nyasi inayoyasaga. Akikaa siku nzima bila kula, tumbo lenyewe linasimama. Hawezi kutapika, kwa hivyo kosa lako likiingia halitoki kwa njia liliyoingilia. Maziwa ya ng'ombe, mkate, sukari: mtu angetaka kumuua polepole angeandaa mlo kama ule wangu.

Nami sikutaka kumuua. Nilimpenda. Hapo ndipo ninapokwama.

*

Ukitoka Isiolo ukashika barabara ya Archers Post, si mbali, unafika Mbuga ya Samburu, ng'ambo ya mto Ewaso Nyiro. Mwanzoni mwa 2002 mbuga hiyo ilijulikana dunia nzima kwa ajili ya simba jike mmoja. Alimpata ndama wa choroa, na badala ya kumla akamchukua akawa wake. Alilala naye, akatembea naye, akamkinga. Walimwita Kamunyak, jina la Kisamburu linalomaanisha aliyebarikiwa. Watu walifunga safari kuja kuona. Ilikuwa kama ile ahadi ya mwisho wa dunia, simba na windo lake wamelala pamoja.

Lakini simba hana maziwa ya choroa. Ndama alidhoofika. Kamunyak mwenyewe alikonda, kwa sababu kwenda kuwinda ni kumwacha mtoto peke yake. Baada ya wiki mbili hivi simba dume akapata nafasi, akamla ndama. Kamunyak akachukua mwingine. Halafu mwingine tena.

Tulipokuwa wadogo kisa hiki tulisimuliwa kama kisa cha upendo. Sikatai. Lakini nikiwa nimeshika katoni yenye mnyama mfu ndipo nilipokiona upande wa ndama. Kwa ndama, huyu aliyebarikiwa alikuwa nani? Kiumbe mkubwa aliyemtenga na kundi lake, akamlinda dhidi ya kila kitu isipokuwa njaa. Moyo wa simba ulikuwa mahali pake. Kilichokosekana ni jibu la swali la yule mtoto.

Kuna watu watasema: nia ndiyo inayohesabiwa. Mimi pia nilisema hivyo jioni ile, kwa sauti ya chini. Nia ina uzito wake, ndiyo, ndiyo inayotofautisha mwuaji na mjinga. Lakini nia inanihusu mimi. Inanisaidia mimi nilale. Simbilisi hawezi kula nia. Unapomleta kiumbe nyumbani kwako akategemea mkono wako, ujinga wako unaacha kuwa jambo lako la binafsi. Unakuwa chakula chake.

*

Yule wa pili alikuwa bado hai, kwenye kona, mgongo umekunjamana. Nilinyoosha mkono kumchukua. Kijana akasema, "Mwache."

Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote wiki hiyo, kwa sababu iliendelea. "Mwache, anti. Anafikiri unataka kumla."

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu hakukosea. Nyumbani kwao asili, milima ya Andes huko Amerika Kusini, simbilisi amefugwa kwa maelfu ya miaka, na hakufugwa awe rafiki. Alifugwa awe kitoweo, na Peru hadi leo ni kitoweo. Si mbali na sisi pia. Kivu, mashariki mwa Kongo, familia nyingi zinamfuga kwa ajili ya nyama: anakula majani na maganda ya jikoni, hahitaji malisho, na wenye bunduki wakija kupora ng'ombe na mbuzi, yeye ni rahisi kumficha. Mara nyingi wanaomtunza ni watoto na akina mama. Na kabla ya binadamu kulikuwa na mwewe na mbweha. Kwa hivyo mkono mkubwa ukishuka kutoka juu, mwili wake una jibu moja tu. Hofu yake si utovu wa shukrani. Ni kumbukumbu.

Kijana alichukua katoni nyingine, akaipindua, akakata mlango kwa kisu cha jikoni. Akaigeuza, akakata mlango wa pili upande wa nyuma.

"Wa pili wa nini?" nikauliza.

"Wa kutorokea."

Aliijaza nyasi, akaiweka kwenye kona ya sakafu ya simiti, mahali penye ubaridi, kwa sababu jua la saa saba hapa Isiolo ni la ngamia, si la mnyama wa milimani. Alifunga chupa ya maji baridi kwa kitambaa akaiegemeza kando. Hakuna aliyemfundisha, nadhani aliangalia tu mnyama akaona anahema. Halafu akakaa mbali, karibu na ukuta, akaegemea bila kusema kitu. Siku tatu alifanya hivyo akitoka shule. Anaweka nyasi, anaweka kipande cha sukuma, anarudi ukutani. Siku ya tatu pua ikatokea mlangoni. Hakusogea. Siku ya sita simbilisi alikula akiwa nje ya nyumba yake, macho kwa kijana, miguu tayari kukimbia.

Mimi nilikuwa nimeangalia yote hayo nikiwa mlango wa jikoni, na mathe nyuma yangu. Hatukuangaliana.

*

Lakini mathe alikuwa na hoja, na sitaki kuipita kama haikuwepo. "Watu wanapanga foleni ya unga," alisema, "na wewe unanunulia panya sukuma ya mbao kila siku. Mbuzi unamlisha, anakulipa. Huyu atakulipa nini?"

Ukiwa Nairobi swali hili unaweza kulikwepa. Isiolo ya mwaka ule halikwepeki. Mizoga ilikuwa bado kando ya barabara. Kuna kitu cha aibu katika kumpa mnyama wa kuchezea pilipili hoho wakati ndugu zako wanauza mbuzi kwa bei ya kutupa kabla hajafa. Na nikiri: kama ningeulizwa kabla sijawachukua, jibu sahihi pengine lingekuwa usiwachukue.

Ila sikuulizwa kabla. Nilikuwa nimeshafunga mlango nao ndani. Kila aliyepita madrasa anajua kisa cha mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Sikiliza vizuri kosa lake. Hakuhukumiwa kwa kutompenda paka. Wala hakulazimika kumfuga. Alimfungia, hakumlisha, na hakumwacha atoke ajitafutie wadudu wa ardhi. Njia mbili zilikuwa halali, mlishe au mwache. Yeye alichagua ya tatu. Nilimkumbusha mathe kisa hicho, akanyamaza, halafu akasema, "Paka anajua kujitafutia. Hawa ukiwaachilia hapa nje watamaliza dakika ngapi?" Alidhani ananipinga. Alikuwa ameifunga hoja yangu kuliko mimi mwenyewe: kama huwezi kumwachilia, umebaki na njia moja.

Deni basi halitokani na thamani ya mnyama, kwamba huyu ni ngamia na huyu ni panya. Linatokana na mlango. Sina deni kwa kila simbilisi duniani, kama ambavyo sina uwezo wa kumlisha kila mtoto wa Isiolo. Nina deni kwa yule niliyemfungia.

Na mara nyingi sisi ndio tuliotengeneza uhitaji tunaokuja kuuhurumia. Mji wetu una mfano maarufu. George Adamson, afisa wa wanyamapori aliyekuwa na kituo chake hapa Isiolo, alimpiga risasi simba jike tarehe 1 Februari 1956, halafu akagundua ana watoto watatu. Akawabeba nyumbani kwa mkewe, Joy. Mmoja alikuwa Elsa, yule wa kitabu na filamu. Wale wengine wawili walipelekwa kwenye bustani ya wanyama, Rotterdam. Dunia inakumbuka maziwa waliyonyweshwa. Risasi inatajwa haraka haraka kama utangulizi. Hata hivyo Elsa hakubaki kuwa mwanasesere: walimfundisha kuwinda, akaachiliwa Meru, akazaa huko.

Simbilisi wenyewe wanatudai kitu ambacho wengi hatukijui. Mbuzi, kondoo, ng'ombe, wote hutengeneza vitamini C mwilini mwao. Simbilisi hawezi, na wewe huwezi. Mwaka 1907, Norway, Axel Holst na Theodor Frølich waliwalisha simbilisi nafaka na mkate, na wanyama wakapata kiseyeye, ugonjwa ule uliokuwa ukiua mabaharia kwa fizi zinazotoka damu. Huo ukawa mlango wa kugundua kwamba kuna kitu ndani ya matunda na mboga ambacho mwili hauwezi kukikosa. Kwa hivyo mtu anapokwambia kula chungwa, nyuma ya ushauri huo kuna simbilisi waliolishwa mkate hadi wakaugua. Mkate. Kile kile nilichompa yule mdogo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, nikiwa na simu mkononi yenye majibu yote.

Ndiyo maana sukuma ya mbao iliendelea kununuliwa. Nyasi kavu ikawa ndiyo mlo, na kiganja kimoja cha mboga kila siku, sukuma leo, hoho kesho, dania keshokutwa. Hakuna viazi, hakuna vitunguu, hakuna maharagwe, hakuna kitu kilichopikwa. Na kwa kuwa simbilisi wa peke yake hunyong'onyea, baada ya mwezi tulimtafutia mwenzake, jike kwa jike, safari hii mwenye umri wa kutosha. Niliuliza maswali mpaka mwenye kuwauza akachoka na mimi.

*

Samburu kuna mahali panaitwa Reteti, kituo cha jamii kilichoanza 2016, wanapolea ndama wa ndovu walioachwa yatima. Wanawanywesha maziwa ya mbuzi, yanayonunuliwa kwa akina mama wa eneo hilo. Kinachonigusa pale si chupa kubwa wala picha nzuri. Ni kwamba kazi yote imepangwa ili siku moja ndovu aondoke, asihitaji tena chupa yako. Unamlisha ili akuache.

Nilipokuwa nawaza hilo niliona wazi kitu ambacho nilikuwa nakitaka kwa yule kijana, na kwa simbilisi. Nilitaka kulipwa. Si pesa. Nilitaka tabasamu, akimbie kunilaki mlangoni, aseme asante anti. Nilikuwa nampa chapati kwa mkono mmoja na kushika risiti kwa mkono mwingine. Na kila nilipotoa ile chapati kavu chini ya mto, nikidhani nafanya usafi, nilikuwa namfundisha kwamba katika nyumba hii hata akiba yako ya usiku si yako. Nilikuwa mkono mkubwa unaoshuka kutoka juu.

Sisemi mtoto ni simbilisi. Mtoto atakua, atabishana na mimi, ataenda zake. Lakini wote wawili walifika nyumbani mwetu bila kuchagua, na wote wawili waliuliza kitu kile kile kabla ya upendo: nitakula, na kuna mahali pa kujificha? Sisi tulikuwa tunawajibu swali ambalo hawajauliza.

Sijui mathe alifikia wapi katika mawazo yake. Yeye si mtu wa kueleza. Najua tu kwamba muda fulani baada ya ile katoni ya milango miwili, niliingia chumba cha kijana kutandika kitanda. Chini ya mto hapakuwa na kitu. Kando ya kitanda, juu ya kiti, palikuwa na bati la biskuti lenye kifuniko. Nilikifungua. Ndani kulikuwa na chapati mbili za asubuhi ile, zimefunikwa kwa kitambaa kisafi cha jikoni.

Nilikifunga, nikatoka. Usiku niliwasikia simbilisi wakipiga mluzi wao mkali, ule wanaopiga wakisikia mfuko wa karatasi ukichakaa, wakijua kuna mboga. Na sauti ya kijana, chini chini, ikiwaambia kwa Kiborana wasubiri, inakuja.